Nani Alikunywa Maji ya Miwa Yetu?



Wengi walituuliza sababu gani yale majina matatu yaliyoandikwa ubaoni mwezi wa tisa, chini ya maneno "Wavivu wa maji", yalifutwa bila maelezo. Sisi tulio kapita wa wanafunzi ndio tuliyaandika, na ni sisi vilevile tuliyafuta. Tunaona haifai jambo lililoandikwa mbele ya watu wote lifutwe kwa kujificha. Kwa hiyo tunaeleza hapa habari yote pamoja na hesabu zake, ili kila mtu achukue kalamu na kuhakikisha mwenyewe.

Munajua shamba letu la miwa, lile la chini, upande wa mfereji. Lina metre 20 kwa urefu na metre 10 kwa upana, ni kusema metre za mraba 200. Si kubwa. Lakini miwa yake tunaiuza mbele ya Noeli, na franga zake zinanunua karatasi na wino ya gazeti hili. Kinachobaki kinasaidia wenzetu wanaoshindwa kumaliza minerval. Miwa ikikauka, vyote viwili vinakauka pamoja nayo.

Hapa kwetu katika tambarare ya Ruzizi, mvua inakatika kati ya mwezi wa tano na wa sita, na hairudi vizuri mpaka mwisho wa mwezi wa tisa au mwezi wa kumi. Kwa hiyo kuna amri ya zamani: wakati wa jua, wadogo wa mwaka wa pili wanabeba maji bidoni 30 kila jioni. Bidoni moja ni litre 20. Hakuna anayejua nani alichagua hesabu hiyo ya 30. Sisi tuliikuta, na wale waliotutangulia waliikuta vilevile.

Tuliporudi kutoka likizo, zamu ilianza. Baada ya siku kumi hivi tulitembelea shamba saa sita ya muchana. Majani ya miwa yalikuwa yamejikunja kama karatasi, ncha zake zimeungua. Tulitia kidole katika udongo: mkavu. Na mtu alikuja kutuambia kwamba wadogo wa zamu walionekana wakioga katika mfereji, wakicheka, bidoni zao zimelala pembeni. Basi tulijua yote, au tulisema tunajua. Tuliwaita watatu waliokuwa wakubwa wa zamu.

"Mulimwanga bidoni ngapi jana?"

"Makumi tatu, kapita. Tulimwanga yote. Tukaoga nyuma ya kazi."

"Bongo! Udongo iko mukavu namna hii, munasema makumi tatu?"

Aliye mdogo kuliko wote alituonyesha ukuta wa kibanda cha majembe. Walikuwa wameweka alama za makaa, mstari mmoja kwa kila bidoni, safu kwa kila siku. Tulimjibu kwamba alama hata mtu aliyelala chini ya muembe anaweza kuziandika. Kisha tuliwapa azabu: posho mbili za kufyeka majani nyuma ya dortwari, toka asubuhi mpaka jioni. Na majina yao tuliyaandika ubaoni.

Yule mdogo alijaribu kusema neno tena. Alisema, "Kapita, siku ya posho mie niko na kazi ku soko." Tuliona ni hila ya kukimbia azabu, hatukutaka kusikia. Kumbe ilikuwa kweli. Siku ya posho anabeba mizigo sokoni, na ni ile franga inayomaliza minerval yake. Posho mbili zilipita. Orodha ya wasiolipa ilisomwa, jina lake lilikuwa ndani, na alirudishwa nyumbani. Alikaa huko siku tisa.

Sasa tuseme ginsi tulivyokuja kujua kosa letu. Siku moja mwalimu wetu wa fizika alitusikia tukisifu azabu ile. Hakukasirika. Aliuliza neno moja tu:

"Mulipima?"

Tulijibu, "Mwalimu, tuliona kwa macho."

"Na macho yenu yaliona milimetre ngapi?"

Wote walicheka, sisi tukanyamaza. Alifungua kabati, akatupa temometa yenye kushika joto la juu na la chini la siku, pamoja na kayé mpya. Alisema: "Mbele ya kutafuta mwizi, mujue kwanza ni vitu ngapi vimepotea."

Hapa inafaa tueleze kidogo elimu yenyewe, maana wengi kati yetu tunadhani maji yanayomwagwa shambani yote yanaingia katika mmea na kukaa ndani yake. Sivyo. Sehemu kubwa sana inapanda hewani. Njia ni mbili. Udongo wenyewe unakauka juani, kama nguo kwenye kamba. Na mmea unavuta maji kwa mizizi, unayapitisha katika shina, unayatoa majanini kupitia vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ni kama jasho. Wenye elimu wanajumlisha hasara hizi mbili na kuziita evapotranspirasio. Wanaipima kwa milimetre, kama vile mvua. Milimetre moja juu ya metre moja ya mraba ni litre moja kamili, na juu ya hektare moja ni litre 10,000.

Mtu ataonaje kitu kinachopanda hewani bila rangi wala moshi? Mwaka wa 1948 Mwingereza mmoja, Howard Penman, alionyesha kwamba hatulazimiki kuyaona yale maji. Tunaweza kupima wale wanaoyachukua: jua linaloleta nguvu, joto la hewa, ukavu wa hewa, na upepo unaofagia unyevu juu ya majani. Mwaka wa 1965 mwenzake John Monteith aliongeza jambo la vile vitundu vya majani, maana mmea wenye kiu unafunga milango yake ili usipoteze vyote. Mwaka wa 1998 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilitoa kitabu nambari 56, ambamo njia hii ya Penman na Monteith imewekwa kuwa kipimo cha wote. Kwanza wanahesabu hasara ya shamba la mfano, ni kusema majani mafupi ya kimo cha sentimetre 12 yaliyonyweshwa vizuri. Kisha wanazidisha kwa nambari ya mmea wanaoutaka. Kwa miwa, nambari hiyo ni 0.40 ikiwa ingali changa, 1.25 ikiwa imekua na kufunika udongo, na 0.75 inapokomaa kungoja kukatwa. Maana yake ni kwamba miwa iliyosimama vizuri inakunywa kupita majani ya mfano robo nzima zaidi.

Kwa njia kamili ya Penman na Monteith lazima mtu awe na vyombo vya kupima upepo, unyevu na mwangaza wa jua. Sisi hatuna. Lakini kuna njia ya masikini, njia ya Hargreaves ya mwaka 1985, inayoomba joto tu. Nguvu ya jua inayofika juu ya hewa haipimwi hapa chini, inajulikana kwa tarehe na kwa umbali wa mahali toka ikweta. Sisi tuko karibu degre 3 kusini ya ikweta. Na tofauti kati ya joto la muchana na baridi ya usiku inaonyesha kama mbingu ilikuwa wazi au yenye mawingu.

Wenzetu wanaojifunza useremala walitujengea kisanduku cha mbao chenye nafasi za kupitisha upepo, wakakipaka rangi nyeupe. Tulikisimamisha juu ya miguu, metre moja na nusu toka chini, ili temometa isipigwe na jua. Tena tulikata pipa, tukachukua chini yake, tukatia maji, tukaiweka karibu na miwa juu ya mbao. Kila asubuhi saa moja tulipima kwa rula maji yameshuka milimetre ngapi. Katika vituo vya kweli wanatumia bakuli la chuma lenye upana wa sentimetre 120 na nusu hivi na kina cha sentimetre 25. Letu lilikuwa dogo kuliko lile, lakini kazi ni moja.

Mzee mmoja jirani ya masomo alikuja kutazama, akacheka sana. Alituambia kwamba ujanani alifanya kazi katika mashamba ya miwa, na kwamba kisanduku cheupe kama hiki na bakuli kama hili alikuwa akiviona ndani ya ua wa seng'enge. Karani alikuwa akiandika kila asubuhi. "Siye tulizania ni dawa ya mvua," alisema. Ninyi munajua habari ya Kiliba, hapa katika tambarare yetu. Kiwanda cha sukari kilijengwa pale miaka ya 1950, na mwaka wa 1996 vita vilikisimamisha. Wazee wengi wa pande hizi walikula mkate wao katika miwa. Lakini ni wachache walioelezwa sababu gani maji yalifunguliwa siku fulani na kufungwa siku nyingine. Hesabu ilikaa kwa wakubwa, na jembe likakaa kwao.

Na miwa bila hesabu ni shida. FAO inasema muwa unahitaji maji milimetre 1,500 mpaka 2,500 kwa mwaka, kadiri ya hali ya hewa na urefu wa kipindi chake. Mvua ya tambarare yetu ni karibu milimetre 800 mpaka 1,000. Kinachokosa lazima mtu akilete.

Sasa hesabu yetu. Tulipima siku 18. Siku moja tuliitupa: bakuli lilishuka milimetre 21, tukashangaa sana, mpaka tulipoona nyayo za mbuzi. Tangu siku hiyo tulifunika bakuli kwa wavu. Kwa siku zilizobaki, joto la juu lilikuwa kwa wastani degre 32, na la chini degre 19. Katikati ni 25.5. Tofauti ni 13, na kipeuo cha pili cha 13 ni karibu 3.6. Nguvu ya jua kwa mahali petu katikati ya mwezi wa tisa, ikigeuzwa kuwa milimetre za maji, ni 15.1 kwa siku. Hargreaves anasema: 0.0023 mara 15.1, mara 25.5 ukiongeza 17.8, mara 3.6. Inatoka 5.4. Ni kusema shamba la mfano lingepoteza milimetre 5.4 kila siku.

Bakuli letu lilishuka milimetre 8 na nusu kwa siku. Lakini bakuli linapoteza kupita shamba, sababu chuma kinapata moto pande zote, na maji hayana milango ya kufunga. Kwa hiyo wanazidisha kwa nambari kama 0.7. Tulipata karibu 6. Mmoja kati yetu alitaka kufuta 6 na kuandika 5.4 ili hesabu zipatane. Mwalimu alimkataza. Alisema vipimo viwili vikiachana kidogo, tuviandike vyote na kutafuta sababu. Sababu tuliiona: bakuli letu ni dogo, linashika moto upesi, na kandokando yake kuna udongo mtupu unaotoa hewa ya moto. Tuliendelea na ile ndogo, 5.4, ili tusionekane tunaongeza chumvi.

5.4 mara 1.25 ni 6.75. Shamba letu ni metre za mraba 200. Kwa hiyo kila siku jua na upepo walikuwa wakidai litre 1,350. Ukigawa kwa 20 utapata bidoni 67 na nusu, tuseme 68.

Wandugu, tulirudia hesabu hii mara tatu. Wadogo walikuwa wakileta bidoni 30. Bidoni 30 ni litre 600, na litre 600 juu ya shamba lile ni milimetre 3 tu. Kila siku shamba lilibaki na deni la bidoni 38, na baada ya siku kumi deni lilikuwa bidoni 380. Miwa ilifanya kama Monteith alivyosema, ilifunga milango na kukunja majani ili deni lisiiue. Sisi tuliona majani yale tukayaita ushuhuda wa uvivu.

Mmoja wetu, ambaye hakutaka kushindwa, alisema: "Lakini miwa yetu imeanza kukomaa, nambari yake pengine haifiki 1.25." Ni neno la akili, kwa hiyo tulilijaribu. Tulichukua nambari ndogo ya mwisho, 0.75. Inatoka milimetre 4 na kidogo, ni kusema bidoni 40. Hata kwa hesabu ya kuhurumia kabisa, 30 hazitoshi. Na juu ya kidole chetu katika udongo saa sita ya muchana: mwalimu alituambia sentimetre chache za juu zinakauka mbele ya zote, hata kama maji yalimwagwa jana yake. Tulipochimba kwa jembe pahali walipomwanga jioni, kule chini tulikuta unyevu. Wadogo walikuwa wamefanya kazi yao yote. Alama za makaa ukutani zilikuwa kweli. Mwenye kuandika bila kupima tulikuwa sisi.

Tulienda kwa Bwana Prefe na kayé yetu. Alisoma kurasa zote, akauliza: "Sasa munataka mimi niwaambie nini? Muliandika ubaoni bila kuniuliza." Tulielewa. Kesho yake asubuhi, mbele ya bendera, tuliwaita wale wawili waliokuwapo, tukaomba msamaha mbele ya wote, tukafuta majina. Wa tatu hakuwapo. Alikuwa kwao, kwa sababu ya zile posho mbili. Tulikwenda kumwona. Mama yake alituletea viti, akatupa miwa ya kutafuna, hakutuambia neno baya. Ilikuwa vigumu kumeza. Bwana Prefe alikubali apewe muda mpaka Noeli kwa minerval, naye akarudi. Lakini siku tisa za masomo hatuwezi kumrudishia, na interro mbili alizikosa.

Tulibadilisha mambo matatu shambani. Kwanza, tuliacha kugawa maji kidogo kidogo juu ya shamba zima. Tulichagua nusu, metre za mraba 100, ambayo deni lake ni bidoni 34, tukaipa yote inayoomba. Nusu ya pili tuliiacha ingoje mvua. Pili, tulitandika majani makavu ya miwa katikati ya mistari, ili jua lisinywe udongo moja kwa moja. Tatu, zile bidoni 4 zilizozidi juu ya 30 tunazibeba sisi makapita, na siku ya posho tunabeba zote 34, ili wadogo wawe huru. Wiki ya kwanza mabega yetu yalivimba. Bidoni moja ni kilo 20, na toka mfereji mpaka shambani kuna mlima mdogo ambao zamani hatukuwa tumeuona.

Mvua ya kwanza ya kweli ilipokuja, nusu iliyonyweshwa ilikuwa na majani wazi na ya kijani. Nusu ya pili ilibaki na miwa myembamba, yenye vifundo vya karibukaribu. Tutavuna kidogo mwaka huu. Gazeti litakuwa na kurasa chache, musitulaumu.

Tunajua mashamba makubwa ya dunia leo yana vyombo vinavyojiandikia vyenyewe usiku na muchana, na vingine vinavyopima mvuke juu ya majani mara 10 au 20 kwa sekunde moja. Kwa hektare moja tu, hesabu kama yetu inadai maji zaidi ya mapipa 330 ya litre 200 kila siku. Mwenye hektare mingi akikosea kidogo, anapoteza mto mzima. Sisi tuna temometa moja, pipa lililokatwa na kayé. Vilitosha kwa kutuonyesha kosa letu.

Sasa tunakaribia egzameni ya Serikali na tutaondoka. Kayé ya shamba lazima ipate mwenyewe. Tulimpa yule mdogo aliyeandika alama za makaa, maana alikuwa anapima mbele yetu sisi. Juzi tulisoma temometa tukiwa tumesimama wima, tukamwambia aandike 33. Hakuandika. Alisema, "Kapita, inama kwanza. Macho iwe sawasawa na mustari." Tukainama. Ilikuwa 32.

Tunaomba wale watakaokuwa makapita mwaka ujao wasome kayé ile mbele ya kushika chaki.

Ni sisi, kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.